Wavu, usiku au koo: njia ipi bora ya kuchanganya matetea na kuku wakubwa?

BandaLaKihonda (Morogoro)
Habari zenu wadau. Nina makoo (kuku jike wakubwa wanaotaga) wa kienyeji kumi na kitu na jogoo wao mmoja. Wamezoeana, kila mmoja anajua nani wa kumpisha kwenye chakula. Nina pia matetea (majike wachanga ambao hawajaanza kutaga) wa chotara, Sasso, wanaingia wiki ya tisa. Nimewalea chumba cha uani tangu wakiwa vifaranga wa siku moja na sasa pamewabana. Nataka wote walale banda moja na watumie uwanja mmoja.

Njia ninazozisikia ni hizi: kugawa banda kwa wavu waonane kwanza bila kugusana, kuwapandisha wageni kwenye fito usiku ili kukicha waamke pamoja, na wengine wananishauri vifaranga wa mara ijayo nimbambikie koo anayeatamia, yeye ndiye awaingize kundini. Nani ametumia ipi, na kwa kuku wa aina gani? Naomba sababu, maana majina ya njia ninayo tayari. Matetea hawa ndio mayai ya nyumbani na ada ya shule ya muhula ujao, siwezi kuwapoteza.

mama_wa_mayai (Nakuru)
Hamjambo wenzangu. Mimi ni mtu wa wavu. Nagawa banda lile lile la wakubwa, kona moja inakuwa ya wadogo, wavu unaanzia chini hadi darini kwa sababu kuku wa kienyeji anaruka. Kuna jambo wengi hawalifanyi: weka vyombo vya chakula pande zote mbili, karibu kabisa na wavu, makoo wale huku wakiwatazama wageni na wageni nao wajifunze kula wakitazamwa. Siku za mwanzo koo atatutumua manyoya ya shingo, atakimbilia wavu na kudonoa waya. Mwache, usifungue. Ngoja mpaka makoo wapite pale bila kusimama. Kwa kawaida inachukua wiki moja hadi mbili, ila kama bado wanarushiana vifua wavuni, ongeza muda.

Ukifungua, usiondoe wavu wote. Acha kijimlango ambacho mdogo anapita na koo hapiti, na huko ndani wadogo wawe na maji na chakula chao. Akikimbizwa ana pa kwenda, na akifika huko anakula. Si kudonolewa tu kunakomuua kuku mdogo. Wengi wanadhoofika kwa sababu wamezuiwa chakula na maji siku nzima na mwenyewe hakugundua.

Mkulima_Tukuyu (Rungwe)
Mama hapo juu amesema vizuri, lakini njia ya usiku naitetea. Huku kwetu kila mtu anafanya hivyo, na wazee walifanya hivyo. Kuku gizani haoni, ukimpandisha mgeni kwenye fito katikati ya wenzake hakuna wa kumgusa, na asubuhi hawaamki wakiwa na mshtuko wa mtu aliyeletwa mbele yao mchana. Mkoba, tochi hafifu, dakika chache umemaliza. Kununua wavu na mbao ni gharama ambayo mfugaji wa kuku wachache hana haja nayo.

mama_wa_mayai (Nakuru)
Ndugu wa Rungwe, swali moja: kuku wako wanafunguliwa saa ngapi, na wakitoka wanakwenda wapi?

Mkulima_Tukuyu (Rungwe)
Wanafunguliwa alfajiri, wanashinda migombani mpaka jioni. Na wageni ninaowaingiza ni wa kienyeji kama wenzao, wameshakomaa, wa miezi minne na kuendelea.

mama_wa_mayai (Nakuru)
Basi ndiyo maana inakubali kwako. Anayedonolewa ana shamba zima la kukimbilia. Mwenzetu wa Kihonda ana uwanja uliozungushiwa. Kukicha ndani ya banda lililofungwa, mgeni yuko kwenye fito katikati ya makoo wasiomjua, na kama mwenye kuku kachelewa kufungua hata saa moja, atakuta mtu ana damu kichwani. Kuku wakishaona damu hawaachi. Sikatai usiku. Mimi mwenyewe nawahamisha usiku, lakini baada ya wiki za wavu, ili tu wajue fito za kulalia ziko wapi.

Mkulima_Tukuyu (Rungwe)
Hapo nakubali. Kwa uwanja mdogo nisingeshauri usiku peke yake.

pwani_mchanga (Unguja Kusini)
Assalaam alaykum. Hamjamtendea haki koo, nami ndiye ninayemtegemea. Kuku wetu wa shamba hawana tatizo hili la kuchanganya kwa sababu mdogo anazaliwa ndani ya kundi. Koo anatoka na vifaranga siku ya pili au ya tatu, mtetea mwingine akisogea anarukiwa usoni, hata jogoo anasogea pembeni. Wanakua mbele ya macho ya wote. Koo anapowakataa, wiki ya nane au ya kumi hivi, wanaanzia chini kwenye ngazi ya ubabe lakini si wageni tena. Ugomvi upo, ila mdogo.

Kumbambikia nako kuna masharti. Vifaranga wawe wa siku moja hadi tatu, wakizidi hapo hawamsikii. Koo awe ameatamia wiki kadhaa, si aliyekaa jana. Unawaingiza usiku chini ya mbawa mmoja mmoja huku ukitoa mayai, na alfajiri na mapema uwepo pale uangalie, maana kuna koo anayekataa kifaranga wa rangi nyingine na kumdonoa kichwa mpaka amuue. Chotara wengi wanakuja rangi mchanganyiko, kwa hiyo jaribu na wachache kwanza.

Adui mkubwa wa njia hii huku pwani ni kunguru. Wiki tatu za mwanzo mimi namfunika koo na watoto kwenye tenga mchana, nafungua nikiwepo.

BandaLaKihonda (Morogoro)
Ahsante sana, mambo yanaanza kukaa sawa. Naona njia ya koo ni ya kundi lijalo, kwa hawa wa wiki tisa imeshapita. Sasa kuna hili: Sasso wangu wamekaribia kulingana na makoo kwa umbo. Hicho kijimlango cha wadogo tu kitafanyaje kazi?

mama_wa_mayai (Nakuru)
Kwa chotara hakitafanya kazi muda mrefu, umeona mbali. Chotara aliyelishwa vizuri anamfikia koo wa kienyeji uzito kabla hajafika miezi mitatu. Lakini mwili usikudanganye. Nimeona chotara mkubwa akikimbizwa uwanja mzima na koo mwenye nusu ya kifua chake, kwa sababu koo ana uzoefu na ujasiri. Badala ya kijimlango, egemeza mbao au mabati ukutani kwa mshazari, weka matawi yenye majani, ongeza fito za juu. Kila maficho yawe na pa kuingilia na pa kutokea. Pembe isiyo na njia ya pili ni mahali pa kumalizia mnyonge. Vyombo vya maji na chakula viwe vitatu au vinne, vikae mbalimbali, koo mbabe asiweze kuvilinda vyote.

Mkulima_Tukuyu (Rungwe)
Na kama kati ya hao Sasso yumo pora, yaani jogoo mchanga, mtoe mapema. Akifika miezi minne ataanza kuwasumbua makoo wako na kupigana na jogoo. Hilo tatizo linageuka, mdogo ndiye anakuwa mkorofi.

Ugani_Mstaafu (Kibaha)
Wadau, nimesoma yote kwa furaha, mmeandika mambo ya kweli. Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo miaka mingi na naomba niongeze yasiyoonekana kwa macho, kwa sababu mara nyingi nimeitwa kwa mfugaji anayesema makoo wameua wadogo kumbe ni ugonjwa.

Kwanza chanjo. Kundi zima, wakubwa kwa wadogo, wawe wamechanjwa kideri (mdondo) angalau wiki mbili kabla ya kukutana. Chanjo ya I-2, ile ya tone moja jichoni inayotengenezwa hapa Kibaha, inarudiwa kila baada ya miezi 3. Watu wanawachanja vifaranga vizuri halafu wanawasahau makoo.

Pili koksidia, vimelea vya utumbo vinavyoharisha damu. Matetea wa BandaLaKihonda wamekulia chumbani kwenye maranda makavu. Makoo wanaweza kuwa na vimelea tumboni na wasionekane wagonjwa, huku wakivimwaga kwenye kinyesi. Mdogo akikutana navyo vingi kwa mara moja kwenye udongo wenye unyevu, utamwona kajikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi kina damu. Hapa ndipo wavu unazishinda njia nyingine. Kwenye wiki zile za wavu chukua maranda kidogo kutoka upande wa makoo uyatie kwa wadogo, miili yao ipate kujifunza polepole. Banda liwe kavu. Amproliamu, dawa ya koksidia, iwe karibu, na damu ikionekana usingoje kesho.

Tatu, hawa wamelelewa nyumbani tangu siku ya kwanza, kwa hiyo anaweza kwenda moja kwa moja kwenye wavu. Anayenunua matetea mnadani au kwa jirani asifanye hivyo. Wavu hauzuii mafua ya kuku, na kuku aliyepona mafua anaweza kuendelea kuwaambukiza wengine akiwa mzima kabisa machoni. Wakae mbali, siku 30, na uwahudumie mwisho baada ya kumaliza wa kwako. Wafunue manyoya chini ya mabawa na karibu na mkia uangalie utitiri.

Nne chakula, na hili halijaguswa. Chakula cha kutagia kina kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Tetea ambaye hajaanza kutaga anahitaji karibu asilimia 1 tu, na ziada inaharibu figo. Kundi likichanganyika, huwezi kuwazuia wasile chombo kimoja. Wape wote chakula cha kukuzia, kisha maganda ya mayai yaliyosagwa au magamba ya konokono weka pembeni kwenye chombo chake. Anayetaga atayafuata mwenyewe, mdogo atayapita. Endelea hivyo mpaka uone mayai ya kwanza ya hao Sasso.

Tetea_Mmoja (Dodoma)
Samahani kwa kudandia uzi. Mimi nimebakiwa na tetea mmoja tu, wengine walichukuliwa na kicheche. Nimwingize kwa makoo kwa wavu hivyo hivyo?

Ugani_Mstaafu (Kibaha)
Pole sana. Peke yake nakushauri usimwingize. Mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ndiye aliyeeleza ngazi ya kudonoana ya kuku mwaka 1921, na aliona kwamba kila kuku anajua nafasi yake kwa kila mwenzake, mmoja mmoja. Maana yake ukiwa na makoo kumi, tetea wako ana ugomvi kumi wa kumaliza na hana wa kugawana naye madonoo. Mtafutie wenzake wawili au watatu wa umri wake, wakae karantini, wazoeane, ndipo waende wavuni pamoja. Wakati huo huo ziba banda, kicheche hurudi.

pwani_mchanga (Unguja Kusini)
Kama wenzake hawapatikani, chagua koo mmoja mpole, umtoe kundini akae na huyo tetea wiki moja. Kisha warudi wawili. Koo akitoka na kurudi naye anaonekana mgeni kidogo, wanabebana.

BandaLaKihonda (Morogoro)
Nimeamua wavu. Chanjo kwa wote wiki hii, wiki mbili zikipita nawahamishia kona yao, chakula cha kukuzia kwa kundi zima. Swali la mwisho: siku ya kufungua, asubuhi au jioni? Na nikiona wanapigana niingilie wakati gani?

mama_wa_mayai (Nakuru)
Jioni, saa 11 hivi, wakiwa wameshiba. Mwaga mtama au mboga uwanja mzima wawe na kazi. Wana muda mfupi wa kugombana kabla ya kupanda kulala. Kesho yake uwepo mapema.

Kukimbizana, kudonoa mara moja na kuachana, kuchomoa unyoya mmoja, hayo waachie wayamalize. Ukitenganisha kila mara ngazi haikamiliki na kesho wanaanza upya. Ingilia ukiona damu, au koo anamfuata yule yule mpaka mafichoni na kumkalia, au tetea hashuki kwenye fito kula. Mwenye jeraha mtoe, mpake GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, kufunika ule wekundu. Na mkorofi mtoe yeye, umfungie mbali siku tatu nne, wageni wabaki kundini. Akirudi atakuta nafasi yake imeshalegea.

Ugani_Mstaafu (Kibaha)
Sahihi. Ongeza tu kwamba jioni uwapapase kifuko cha chakula shingoni wakiwa kwenye fito. Tetea ambaye kifuko chake ni kitupu usiku hajala siku hiyo, hata kama hukuona ugomvi wowote.