Kikohozi cha Dani: kikundi cha familia, Lubumbashi (Nkambo ni bibi; Yaya ni kaka au dada mkubwa)

Mama Dani, 18:52
Jambo yenu bote. Leo siku ya tatu Dani anakohoa. Pua inatiririka, usiku hatulali. Vumbi la Katuba munalijua, na baridi ya huu mwezi wa saba imeingia mpaka kwenye mifupa. Nani ana dawa ya kienyeji inayosaidia kweli? Nimechoka kununua antibiotiki kila mwaka wakati kama huu.

Nkambo Likasi (Grace anaandika), 18:58
Nkambo anasema: chuma majani machanga ya mapera, osha, chemsha pamoja na tangawizi ya kuponda. Ikipoa, tia asali ya pori. Anasema bote mulikunywa hiyo na mukakomaa.

Kevin, 19:01
Ile asali ya chupa niliyoleta juzi ingali iko kwangu. Nitapitisha.

Yaya Odette, 19:04
Mama, kwa asali niko pamoja na wewe. Dani ana miaka mitatu, kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala kitamlainisha koo. Lakini Mama Dani, yule mdogo wa miezi minane asiguse, hata kulamba kidole. Asali inaweza kubeba mbegu za botulismi, na utumbo wa mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja hauwezi kuzizuia zisiote. Ugonjwa wake unalegeza misuli mpaka mtoto anashindwa kunyonya na kupumua.

Mama Dani, 19:06
Eh! Sikujua. Asubuhi nilitaka kumwonjesha.

Yaya Odette, 19:09
Usimwonjeshe. Huyo endelea kumnyonyesha. Na pua ya Dani isafishe kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai katika glasi kubwa ya maji yaliyochemka na kupoa, matone mawili matatu kila upande. Haina gharama, na atakula vizuri pua ikifunguka.

Yaya Félix (Brussels), 19:15
Jambo familia. Mimi nina jibu lingine. Huku famasi zinauza homeopathi: Oscillococcinum ya mafua, na Allium cepa ya pua inayotiririka. Ni vitu vya asili, havina madhara. Mwenzangu wa kazi hakosi kuwa nayo kila baridi ikiingia. Kuna mtu anasafiri Alhamisi, nitume mirija sita ya vidonge vyake?

Mama Dani, 19:16
Tuma, Yaya! Mungu akubariki.

Yaya Odette, 19:24
Yaya Félix, moyo wako naujua, usinichukie. Ngoja niseme kilichomo kwenye huo mrija kabla hujatoa pesa.
Allium cepa ni kitunguu, hikihiki tunachotia kwenye sombe. Homeopathi ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, aliyetangaza wazo lake mwaka 1796: kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani ndicho kitamponya mgonjwa mwenye dalili hiyo. Kitunguu kinatoa machozi na makamasi, basi kitibu makamasi. Halafu wanakizimua. Tone moja katika matone tisini na tisa ya maji, wanatikisa, wanachukua tone moja la hapo, wanarudia. Mrija ulioandikwa 30 CH, wamerudia mara thelathini. Ukipita mara kumi na mbili hivi, kwa hesabu hutarajii kukuta hata chembe moja ya kitunguu. Mtoto anameza sukari ya kidonge tu.

Yaya Félix (Brussels), 19:29
Lakini Odette, inauzwa famasi, haiuzwi barabarani. Na mimi mwenyewe nikiitumia, mafua yanaisha siku ya sita.

Yaya Odette, 19:35
Yaya, mafua yanaisha siku ya sita au ya saba hata kwa aliyekunywa maji matupu. Ndiyo sababu kila dawa ya mafua inapata sifa. Na kuhusu famasi: Ufaransa, ambako inapendwa sana, bima ya afya ya serikali ilikuwa inarudishia watu sehemu ya bei. Mamlaka yao ya afya ikakagua tafiti, ikaona faida haitoshi, na tangu tarehe 1 Januari 2021 bima hailipi tena. Oscillococcinum nayo inatokana na ini na moyo wa bata, imezimuliwa mara mia mbili.

Nkambo Likasi (Grace anaandika), 19:38
Nkambo anauliza: basi na majani yangu ya mapera ni hiyo homeopathi?

Yaya Odette, 19:42
Hapana Mama, ni vitu viwili tofauti. Watu wanavichanganya kwa sababu vyote vinaitwa vya asili. Majani yako yana kitu ndani, ukionja unasikia ukakasi kwenye ulimi. Tangawizi inawasha. Kwa kuwa vina kitu, vinaweza kutuliza, na ukizidisha vinaweza kudhuru. Kwa hiyo Dani apewe hafifu, kikombe kidogo, si sufuria.

Mama Dani, 19:44
Sawa. Na mimi nimechemsha majani ya ekaliptusi juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, nimeiweka chumbani ili mvuke umfungue kifua na joto limsaidie alale. Nimefunga dirisha, baridi ni kali.

Yaya Odette, 19:44
Mbabula iko ndani ya chumba???

Yaya Odette, 19:45
Itoe SASA. Fungua mlango na dirisha. Watoe watoto bote nje ya hicho chumba kwanza.

Kevin, 19:45
Yaya, itoe haraka.

Mama Dani, 19:49
Nimeitoa. Tuko sebuleni.

Yaya Odette, 19:52
Asante. Makala yakiwaka mahali pamefungwa yanatoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, na ekaliptusi haiizuii. Watu wanalala na mbabula hawaamki. Mtu yeyote ana kichwa kinachouma au kizunguzungu? Na sufuria ya maji ya moto usiiweke tena karibu na mtoto, anaimwaga kwa teke moja tu.

Mama Dani, 19:53
Hakuna. Ila Dani ana moto mwilini, na naona anapumua mbiombio.

Yaya Odette, 19:54
Pandisha shati lake. Asiwe analia. Tazama saa ya simu dakika moja nzima, uhesabu kifua kinapanda mara ngapi. Usihesabu nusu ukazidisha.

Mama Dani, 19:57
46

Yaya Odette, 19:57
Mtulize, kisha rudia.

Mama Dani, 20:01
44

Yaya Odette, 20:02
Chini ya mbavu panabonyea akivuta pumzi? Anakunywa?

Mama Dani, 20:03
Hapabonyei. Maji anakunywa.

Yaya Odette, 20:05
Basi sikiliza. Kwa mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano, kuanzia 40 ni pumzi ya haraka. Inaweza kuwa nimonia. Hapo mapera yanakaa pembeni, na asali inakaa pembeni. Nenda santre ya afya usiku huu, usingoje asubuhi. Wampime malaria pia.

Kevin, 20:06
Natoka Kamalondo na gari. Mvalishe kofia.

Yaya Félix (Brussels), 20:08
Pesa ya ile mirija namtumia Kevin sasa hivi, ilipe munganga wa santre na dawa. Odette, asante.

Nkambo Likasi (Grace anaandika), 20:10
Nkambo anasali. Anasema simu iwe karibu.

Mama Dani, 22:47
Tumerudi. Malaria hakuna. Munganga amehesabu 45, akasikiliza kifua, amesema nimonia lakini tumewahi. Ametoa amoksisilini, asubuhi na jioni, siku tano. Turudi kesho kutwa amwangalie, au hata kabla akikataa kunywa au kifua kikianza kubonyea.

Yaya Odette, 22:49
Amalize siku zote tano, hata akianza kucheza mpira.

Nkambo Likasi (Grace anaandika), 22:51
Nkambo anauliza: na asali?

Yaya Odette, 22:52
Ndiyo Mama, Dani apewe kijiko kimoja kabla ya kulala.

Mama Dani, 23:05
Amelala. Mbabula iko uani.