AC inapoza gari likitembea, kwenye foleni inatoa joto

Wakuu, Toyota IST yangu inapoza safi barabarani, ila kwenye foleni hewa inakuwa vuguvugu. Fundi anasema aongeze gesi. Nimkubalie?

Jibu: Bado. Hiyo mara nyingi ni feni ya kondensa (rejeta ya AC mbele ya gari, inayotoa joto la gesi nje). Washa AC, fungua boneti, tazama feni. Haizunguki? Kagua fyuzi, rilei (swichi ya umeme ya feni), kisha mota. Ikizunguka, osha kondensa kwa maji ya presha ndogo. Presha kubwa inalaza mapezi yake (vibati vyembamba) na hewa haipiti tena.

Jibu: Fundi aweke geji ya presha kabla ya gesi. Kwa gesi ya R134a, injini mizunguko 1500 kwa dakika, joto la nje nyuzi 30: upande wa presha ya chini psi 25 hadi 45, wa presha ya juu 200 hadi 250. Presha ya juu ikipita 300 gari limesimama, kondensa haipati hewa, na kuongeza gesi hapo ni kuua kompresa (pampu ya gesi). Presha zote mbili zikiwa pungufu, gesi imevuja. Tafuta alama ya mafuta kwenye maungio.

Jibu: Mfumo ukifunguliwa, badilisheni oringi (mipira ya kuziba maungio) na draya (chujio la kunyonya unyevu). Vuta vakyumu (nyonya hewa yote kwa pampu) dakika 30, funga vali, subiri dakika 15. Mshale wa geji ukipanda kuna tundu au unyevu. Gesi ipimwe kwa mizani, gramu zimeandikwa kwenye stika chini ya boneti. Oili ya kompresa ni ND-Oil 8. Haibriti zenye kompresa ya umeme hutumia ND-Oil 11, msichanganye kabisa: kinga ya umeme ndani ya kompresa inaharibika.