Vipimo vya tezi ya shingo (thyroid): TSH imepanda, FT4 iko kawaida, mdogo wangu aanze dawa?

Mkazi wa Tabata: Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu wa kike, miaka 34, anachoka sana, choo kigumu, hedhi nzito. TSH, homoni inayoiamrisha tezi, ni 7.8 (kawaida 0.4–4.0); FT4, homoni ya tezi yenyewe, iko ndani ya kiwango. Duka la dawa wanasema aanze levothyroxine (vidonge vya homoni ya tezi) leo.

Mtu wa Maabara: Asianze bado. Muulize kama anameza vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini (vitamini B7) nyingi, na kwenye baadhi ya mashine biotini huishusha TSH na kuipandisha FT4 kwa uongo. Yaani hali halisi inaweza kuwa mbaya kuliko karatasi inavyosema! Aache siku 2 hadi 3, apime upya.

Dkt. wa Kigamboni: Kweli kabisa. Kama hatumii, arudie baada ya miezi 2 au 3, asubuhi, maana TSH hushuka mchana. Aongeze kipimo cha kingamwili za TPO, zile zinazoishambulia tezi. TSH ikivuka 10, au akiwa mjamzito au anatafuta mtoto, amwone daktari mapema. Na hedhi nzito peke yake inachosha: apime wingi wa damu na feritini (akiba ya madini ya chuma).

Mkazi wa Tabata: Asante daktari. Prolaktini, homoni ya maziwa, je?

Dkt. wa Kigamboni: Kama hatoki maziwa na hedhi haijakatika, hela hiyo aiweke kwenye feritini.