Tumtolee mzee wetu wa uchapaji kumbukumbu ya namna gani?

Mwanagenzi wa Kirumba
Ndugu zangu, mzee aliyetufundisha kupanga herufi za kuchapia, zile za madini ya risasi, hapa Mwanza ametangulia mbele ya haki, na wanafunzi wake tunataka kutoa kijitabu cha kumbukumbu kabla ya arobaini. Familia imeturuhusu kutumia makasha yake ya herufi pamoja na mashine yake ya mkono. Je, tukichape wenyewe, au tukipeleke kwenye mashine za kisasa ili tuwahi?

Mchapaji wa Igogo
Poleni sana kwa msiba. Chapeni wenyewe, hata kikiwa cha kurasa 8 tu, ambazo ni karatasi moja kubwa iliyokunjwa mara mbili. Ila mjue kwamba makasha yaliyotoka Uingereza yaligawiwa kwa kufuata Kiingereza: e zimejaa tele, lakini kwa Kiswahili a na k huisha kabla ukurasa haujafika chini. Ndiyo maana marehemu alikuwa akipanga ukurasa, akiuchapa, akizisafisha herufi kwa mafuta ya taa na kuzirudisha kila moja mahali pake, ndipo aanze ukurasa mwingine.

Binti wa Nyegezi
Nami nilipita mikononi mwake. Naomba kijitabu kisijae sifa za jumla, bali kieleze alivyofanya kazi. Alikuwa akiigeuza karatasi iliyochapwa na kupitisha kidole upande wa nyuma; akihisi vinundu, alijua tumekandamiza mno na tunaziua herufi. Neno likitokea hafifu hakuongeza nguvu ya mashine, bali alibandika kipande cha karatasi nyembamba nyuma ya mahali pale pale, akajaribu tena, hata kama mteja alikuwa mlangoni akisubiri kadi zake za harusi. Wala hakumruhusu mtu kugusa chakula kabla ya kunawa kwa sabuni, kwa sababu risasi ni sumu, na kwa hilo alikuwa mkali kuliko kwa kosa lolote la tahajia.

Mchapaji wa Igogo
Naongeza moja: herufi zisiuzwe kama chuma chakavu wala kuyeyushwa ziwe vizito vya nyavu. Risasi ile imechanganywa na bati na madini ya antimoni ili iwe ngumu, na fonti, yaani seti nzima ya herufi za umbo na ukubwa mmoja, ikishapungua ni shida kuijaliza.

Mwanagenzi wa Kirumba
Ahsanteni. Tutakichapa kwa mkono, na Binti wa Nyegezi tunamwomba atuandikie ukurasa wa kidole na karatasi. Mwenye a na k za ukubwa wa pointi 12 atuazime.