Cheti cha kufundisha Kiingereza ughaibuni: nianzie wapi?

Ujumbe wa 1

Ndugu zangu, salaam.

Naomba mwongozo kwa wanaoijua kazi ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni. Shahada ipo, ila si ya lugha wala ya ualimu. Mtandaoni kuna kozi za saa 120 zinazomalizika kwa siku chache kwa bei ya kutupa, na kuna nyingine za mwezi mzima zenye ada nzito. Zote zinajiita za kimataifa. Tofauti yake hasa ni nini? Na je, mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza hupokelewa? Msinifiche na yale yanayowakwamisha watu.

Dada yenu

Ujumbe wa 2

Dada yangu, kabla ya kuchagua kozi, chagua nchi na aina ya shule, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike kwenye cheti. Wengi hulipa ada kwanza, halafu wanakuta idara ya uhamiaji ya huko inadai kitu kingine kabisa.

Mifano miwili. Viza ya E-2 ya Korea Kusini, ile ya walimu wa lugha, upande wa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Wanaangalia pasipoti. Kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani au Uingereza hakisaidii hapo, hata kama Kiingereza chako ni kizuri kuliko cha raia wenyewe. China nayo hutaka shahada ya kwanza, hati ya polisi (kwamba huna rekodi ya jinai), na ama uzoefu wa miaka 2 ama cheti cha saa 120 kwenda juu. Kwa hiyo soma masharti kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe kabla hujatoa hata senti. Usitegemee maneno ya wakala, kwa sababu wakala hulipwa ukishasaini.

Jambo jingine linalowapotosha watu: vyeti hivi havikupi ruhusa ya kufundisha katika shule za umma za Marekani. Kule kila jimbo lina leseni yake. Uingereza nako shule za serikali kwa kawaida hutaka hadhi ya ualimu iitwayo QTS. Cheti cha lugha kinakufungulia vyuo vya lugha vya binafsi, madarasa ya watu wazima, ufundishaji wa mtandaoni, na katika nchi nyingi shule za binafsi. Kama lengo lako ni kufundisha shule ya msingi au sekondari ya serikali, ada hiyo ipeleke kwenye stashahada ya ualimu ya nchi husika.

Sasa kozi zenyewe. Neno TEFL (kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) ni jina la kazi tu, halina mwenyewe, na yeyote anaweza kuchapisha cheti akakiita TEFL. Vyeti viwili vya kuanzia ambavyo waajiri wengi duniani huvitambua bila maswali ni CELTA cha Cambridge na CertTESOL cha Trinity College London. Vyote viwili vimesajiliwa Uingereza katika ngazi ya 5, na unaweza kuvitafuta mwenyewe kwenye rejista ya Ofqual, mdhibiti wa serikali wa mitihani na vyeti huko. Kozi inayodai kuwa „sawa na CELTA“ lakini haimo kwenye rejista hiyo wala nyingine ya serikali yoyote, hayo ni maneno yake yenyewe.

Uzito wa CELTA hautokani na saa 120. Unatokana na saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi, wa viwango viwili tofauti, huku mkufunzi amekaa nyuma ya darasa anaandika. Juu yake kuna saa 6 za kuwatazama walimu wazoefu wakifundisha, na kazi nne za kuandika za maneno 750 hadi 1,000 kila moja. Pia Cambridge hutuma mkaguzi wa nje kuhakikisha kituo hakigawi alama kwa upendeleo. Trinity inafanana nayo, nayo ina saa 6 za kufundisha, ila huongeza kitu kizuri sana: unafundishwa lugha usiyoijua kabisa kwa saa chache, kisha unaandika ulivyojisikia ukiwa mwanafunzi asiyeelewa neno. Kila mwalimu angepitishwa hapo.

Basi ukiona kozi yoyote, waulize maswali matatu: Nitafundisha wanafunzi halisi kwa saa ngapi? Nani atanitazama nikifundisha? Nani wa nje anawakagua ninyi? Ile ya siku chache itakwama kwenye swali la kwanza. Sisemi haina kazi kabisa. Pale ambapo viza inadai karatasi ya saa 120 tu, itakidhi. Ila utaingia darasani mbele ya watu 20 bila kujua la kufanya dakika ya sita.

Kuhusu kuzaliwa na lugha: Cambridge haiulizi ulizaliwa wapi. Inataka uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, elimu inayotosha kuingia chuo kikuu, na Kiingereza cha C2 (ngazi ya juu kabisa kwa mizani ya Ulaya) au cha C1 ya juu, inayoifuata. Kikwazo huwa kwa baadhi ya waajiri na baadhi ya sheria za viza, na ndiyo maana nikasema anza na nchi.

Mkufunzi wa walimu

Ujumbe wa 3

Naongezea upande wa nyaraka, maana huko ndiko safari nyingi zinakovunjikia.

Karatasi zinazodaiwa mara nyingi ni nne: pasipoti, shahada, cheti cha kufundishia na hati ya polisi. Shahada na hati ya polisi zinahitaji kuthibitishwa. Kama nchi iliyotoa hati na nchi unayokwenda zote zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961, unachohitaji ni apostili moja, yaani uthibitisho rasmi wa hati unaotambuliwa na nchi za mkataba huo. Kama moja haimo, hati hupita kwanza wizara ya mambo ya nje ya nchi iliyoitoa, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. China iliingia rasmi kwenye utaratibu wa apostili tarehe 7 Novemba 2023, kwa hiyo maelekezo ya zamani mnayoyakuta mtandaoni kuhusu China yasomwe kwa tahadhari.

Apostili hutolewa na nchi iliyotoa hati, si nchi unayoishi. Shahada ya nchi moja, hati ya polisi ya nchi ya pili na cheti kilichotolewa Uingereza vinaweza kukupeleka kwenye milango mitatu tofauti. Panga miezi, usipange wiki. Hati ya polisi iombe mwisho, kwa sababu nchi nyingi huikubali ikiwa haijapita miezi 3 au 6 tangu itolewe. Ukianza nayo, itakwisha muda wakati shahada bado iko njiani.

Halafu majina! Wengi wetu tuna majina matatu, na shahada imeandikwa mawili, au jina la baba limekuwa jina la ukoo kwenye pasipoti, au herufi moja imebadilika, au ndoa imeongeza jina. Karani wa viza hajui kwamba ni mtu mmoja. Siku ya kujiandikisha kozi, andika jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti utakayosafiria. Kama shahada ina jina tofauti, andaa kiapo cha majina na kithibitishwe pamoja na shahada yenyewe.

Mengine kwa ufupi: tunza nakala za kila ukurasa. Usimwachie mwajiri pasipoti wala shahada halisi zaidi ya muda wa kushughulikia kibali. Mwajiri akikwambia uingie kwa viza ya utalii, „mengine tutayamalizia huku“, kataa. Atakayefukuzwa nchini ni wewe.

Kaka wa nyaraka

Ujumbe wa 4

Asanteni sana, nimeelewa. Swali la pili: kabla ya kupokelewa kuna jaribio na usaili. Wanapima nini, na sisi wenye Kiswahili tunaangukia wapi?

Dada yenu

Ujumbe wa 5

Dada, wanapima kama unaweza kukitazama Kiingereza kwa nje. Jaribio la kawaida hukupa sentensi zenye makosa: sahihisha, kisha eleza kosa ni nini na kwa nini mwanafunzi amelifanya. Kusahihisha ni rahisi. Wengi hukwama kwenye „kwa nini“, wakaishia kuandika „haisikiki vizuri“. Jibu hilo halikubaliki.

Hapo mwenye Kiswahili ana mtaji, akiutumia. Chukua „I have seen him yesterday“. Sisi tunasema „nimemwona jana“ bila tatizo, kwa sababu -me- yetu haigombani na jana. Present perfect ya Kiingereza haikubali wakati uliokwisha kutajwa. Chukua „I am here since Monday“, ambayo kwetu ni „niko hapa tangu Jumatatu“, sawa kabisa, ila Kiingereza hutaka „I have been here“. Chukua „borrow“ na „lend“: sisi tuna kuazima moja inayokwenda pande zote mbili, „nimeazima kitabu kwake“ na „niazime kitabu“. Na he na she kwetu zote ni a- ileile. Ukieleza hivyo, umemwonyesha msaili kwamba unajua kosa linatoka wapi, na hilo aliyezaliwa na Kiingereza kimoja tu hulipata kwa shida.

Tunakoangukia ni kwenye matamshi. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa sauti 44, na karibu 20 kati yake ni za irabu. Kwa hiyo ship na sheep zinakuwa moja, full na fool zinakuwa moja, na cat, cut na cart zote tatu zinaangukia kwenye a yetu. Mkazo nao: sisi tunaukandamiza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndipo calendar na character zinatoka na mkazo katikati wakati unatakiwa mwanzoni. Hakuna anayekudai lafudhi ya London, lafudhi yako ni halali. Unachodaiwa ni kuzitofautisha sauti hizo, kuweka mkazo mahali pake, na kuzisoma alama za kifonetiki. Jifunze alama hizo wiki mbili kabla ya kozi. Ukizianza ndani ya kozi hutapata nafasi.

Mpenda sarufi

Ujumbe wa 6

Mpenda sarufi kanena vema. Niongeze yanayowaangusha watu ndani ya kozi, na kosa la kwanza ni muda.

Somo la dakika 45 ligawe hivi: kuamsha mada 5, muktadha wa lugha mpya 8, maana, umbo na matamshi 10, mazoezi ya kuongozwa 8, matumizi huru 10, kusahihisha 4. Wanachuo wengi hutumia dakika 15 kwenye kuamsha mada kwa sababu mazungumzo yamenoga, kisha kengele inalia kabla mwanafunzi hajaitumia lugha mpya hata mara moja. Somo la namna hiyo huandikwa kuwa halijafikia lengo, hata kama darasa zima lilicheka.

La pili ni kuuliza „Mmeelewa?“ Wataitikia ndiyo, na hujajua lolote. Tuseme unafundisha „He used to smoke“. Uliza, kwa Kiingereza chepesi: Zamani alivuta? Ndiyo. Mara moja au mara nyingi? Mara nyingi. Sasa anavuta? Hapana. Maswali matatu, na kila moja linagusa kipande kimoja cha maana. Usitumie used to ndani ya swali lenyewe, maana utakuwa unapima kitu kwa kitu kilekile. Kwetu „alikuwa akivuta“ inaweza kumaanisha mazoea ya zamani au kitendo kilichokuwa kikiendelea wakati huo, wala haisemi kama ameacha. Kwa hiyo swali la tatu ndilo la kulilinda zaidi.

La tatu, maelekezo. Ukigawa karatasi kwanza, macho yote yanakwenda kwenye karatasi na sauti yako inapotea. Karatasi ibaki mkononi, eleza kwa sentensi fupi mbili, onyesha mfano na mwanafunzi mmoja, ndipo ugawe.

La nne, andalio la somo. Sehemu ya uchambuzi wa lugha isinakiliwe kutoka kitabu cha sarufi. Mkufunzi anataka kuona umetabiri darasa hili litakosea nini, na utafanya nini likikosea. Kazi za kuandika zikikataliwa unapewa nafasi moja tu ya kurudia kila moja, na sababu kubwa ya kukataliwa ni kutojibu swali lote au kutotaja vitabu ulivyotumia.

Kozi ya muda wote ni wiki 4, na ndani yake hakuna nafasi ya ajira nyingine. Andalio la somo moja mwanzoni hula jioni nzima. Mwenye kazi au watoto wadogo achague ile ya miezi kadhaa. Ya mtandaoni kikamilifu nayo ipo, na ufundishaji hufanyika kwa video na wanafunzi halisi. Muulize mwajiri mapema kama anakubali mazoezi ya aina hiyo, kwa sababu wengine hutaka uwe umesimama mbele ya darasa.

Aliyekwisha kuwa mwalimu na anahitaji tu kuthibitisha nadharia anaweza kufanya mtihani wa Cambridge uitwao TKT: kila moja kati ya moduli zake tatu za msingi ina maswali 80 kwa dakika 80, na hakuna kufeli, unapangwa daraja la 1 hadi la 4. Ila hauna kufundisha ndani yake, kwa hiyo usiutegemee mahali panapodai CELTA. Delta ya Cambridge na DipTESOL ya Trinity, stashahada za ngazi ya 7, ni za baadaye, ukishafundisha.

Dada, ukishapata fomu ya kituo, weka hapa maswali ya jaribio la mfano wanalotoa kwa wote. Si lile lako la kupimwa. Tutapitia pamoja sentensi moja moja.

Mkufunzi wa walimu