Heka, ekari, "acre": 70 kwa 70 ni ya mita, yadi au hatua?

mahindi_ismani
Wakuu, nataka kukodi heka tano Ismani. Mwenye shamba anahesabu heka kwa hatua 70 kwa 70, dalali anasema ni mita 70 kwa 70. Mkataba umeandikwa Kiingereza: "five acres". Hilo neno acre lina maana gani hasa, limetoka wapi, na kati yao nani yuko sahihi?

pima_mbeya
Hakuna aliye sahihi. Acre ni yadi za mraba 4,840, sawa na mita za mraba 4,047 hivi. Likiwa shamba la mraba, upande mmoja ni mita 63.6. Upime upande huohuo kwa yadi unapata 69.6. Kwa hiyo 70 kwa 70 inakubali kwa yadi tu (yadi ni sentimita 91.44). Vipimo vilihamia mita, namba ikabaki ileile.

Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, yaani ekari 1.21. Hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Ukipiga 70 kwa 70 unapata mita za mraba 2,756, hata robo tatu ya ekari haifiki. Kwa heka zako tano, dalali anakupa ekari 6, mwenye shamba 3.4.

Na usishangilie za dalali. Mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 uliopangiwa ekari moja, ukiumwaga kwenye mita 70 kwa 70, kila ekari inaambulia kilo 41. Mbegu nayo itapelea: kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, ekari inabeba miche 18,000 hivi, hiyo ya dalali inataka karibu 21,800.

mwl_kingereza_iringa
Kwa upande wa neno: Kiingereza cha kale kilisema "æcer", maana yake shamba tu, bila kipimo. Ni ndugu wa "ager" la Kilatini na "Acker" la Kijerumani, ambalo hadi leo ni shamba la kulima. Baadaye likawa eneo ambalo jozi ya maksai hulima kwa siku moja. Umbo lake halikuwa mraba: yadi 220 kwa 22, kwa sababu kugeuza maksai ni kazi, mkulima alitaka mfereji mrefu. Urefu huo wa yadi 220 ndio "furlong", yaani urefu wa mfereji wa jembe.

Hectare halina undugu nalo. Lilitungwa Ufaransa miaka ya 1790, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "mia". Ndiyo maana nasema heka ya mtaani ichungwe: wengi wanamaanisha ekari, lakini anayesikia hekta anawaza ekari 2.47.

Katika kuandika: "an acre", siyo "a acre". "Five acres of land", lakini "a five-acre farm", bila s.

kamba_na_mambo
Nenda na futi kamba ya mita 50. Kamba ya nailoni inavutika, achana nayo. Pima upande wa kwanza, kisha kona uipate kwa 3-4-5: mita 3 upande huu, 4 upande ule, mshazari lazima usome 5 kamili. Kona ikipinda, shamba linapungua hata kama pande zote nne zinasoma 63.6. Shamba lisilo na umbo ligawe pembetatu.

Walioko Rungwe na Makete: kwenye mteremko futi kamba ilale usawa, msilaze juu ya ardhi. Mteremko wa nyuzi 20 unageuza mita 63.6 kuwa 59.8. Pimeni vipande vifupi, timazi ishuke chini.

pima_mbeya
@mahindi_ismani kwenye mkataba, mbele ya "five acres", ongeza mita za mraba 20,234 na urefu wa kila upande. Sahihi ziwekwe baada ya kupima, wote wawili mkiwa shambani.