Udaktari: KCMC Moshi au Muhimbili Dar? Dirisha la kuthibitisha linafungwa wiki hii

Mama_Njiro
Habari za jioni wakuu. Kijana amedahiliwa MD (shahada ya udaktari) vyuo viwili, KCMC hapo Moshi na MUHAS, yaani chuo cha Muhimbili, Dar. Nyumbani ni Njiro, Arusha. Mkopo ameomba, majibu bado hayajatoka. Naomba tusibishane chuo kipi kina jina. Nataka kujua gharama kamili ya miaka 5, wodini kukoje, atalala wapi, na hii habari ya Mloganzila ambayo kila mtu ananieleza kivyake. Anatakiwa kuthibitisha chuo kimoja wiki hii.

Rau_Juu
Shikamoo mama. Nianze na yanayofanana, maana watu wengi wanapotezea muda hapo. Shahada ni ileile: miaka 5 ya masomo, mwaka 1 wa utarajali (mafunzo kazini), kisha usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Miaka 2 ya mwanzo ni anatomia, fiziolojia na baiokemia, halafu mikrobiolojia, patholojia na famakolojia. Anayejua kukaa chini akasoma atavuka kokote, na asiyejua atakula sapu (mtihani wa marudio) kokote.

Tofauti inaanza mwaka wa 3, anapoingia wodini. Chukua jambo dogo kama kupapasa ini. Mgonjwa amelala chali, magoti yamekunjwa kidogo ili tumbo lilegee. Mkono unaanzia chini upande wa kulia, karibu na nyonga. Unamwambia avute pumzi. Akivuta, ini linashuka, na vidole vyako vimetulia vinalisubiri. Akitoa pumzi unapanda sentimita 1 au 2, unasubiri tena, mpaka ukingo wa ini ukugonge kidoleni. Anayeanzia kwenye mbavu hulikosa kabisa ini lililovimba sana, kwa sababu mkono wake tayari umekaa juu ya ini lenyewe na hana ukingo wa kuugusa.

Picha haifundishi jambo hilo. Wanafunzi 4 wakizunguka kitanda, kila mmoja anagusa na mwalimu anamsogeza mkono. Wakiwa 15, wa nyuma anaona mgongo wa mwenzake tu, na mgonjwa anachoka kabla zamu haijamfikia. Kwa hiyo swali la kwanza la kupeleka kwenye vyuo vyote viwili ni hili: kundi moja la wodini lina wanafunzi wangapi, na kila mwanafunzi anakabidhiwa vitanda vingapi? Ukishindwa kupata jibu ofisini, muulize mwanafunzi wa mwaka wa 4. Yeye analijua kwa miguu yake.

Koti_Jeupe
Naunga mkono hoja ya Rau, ila kuna upande wa aina ya wagonjwa. Muhimbili pale Upanga kuna taasisi za MOI kwa mifupa na ubongo na JKCI kwa moyo, na Ocean Road kwa saratani haiko mbali. Mwanafunzi anaona upasuaji wa moyo akiwa bado hajahitimu. Hilo si jambo dogo, hasa kwa kijana ambaye tayari anajua anataka ubingwa fulani.

Lakini hospitali ya taifa hupokea mgonjwa ambaye amekwisha kupita hospitali 2 au 3. Anafika na dripu, ameshaanzishiwa antibayotiki, na barua ya rufaa imeandika anaumwa nini. Mwanafunzi anakosa saa ile ya mwanzo ya kumuuliza mtu ambaye hajaguswa na yeyote. Kwa Dar saa hiyo inapatikana zaidi Amana, Temeke na Mwananyamala. Kwa hiyo anayeenda Dar aulize atapangiwa hospitali hizo kwa wiki ngapi, na katika masomo gani.

Hospitali ya KCMC nayo ni ya rufaa, ya kanda nzima ya kaskazini tangu 1971, ila vitengo vingi viko ndani ya uzio mmoja: watoto, wazazi, upasuaji, macho, mifupa, ngozi. Kituo cha mafunzo ya ngozi kipo tangu 1992, na ngozi ndilo somo ambalo madaktari wengi wapya hutoka nalo dhaifu. Ukishuka mjini kuna Mawenzi, hospitali ya mkoa. Ukipanda Siha kuna Kibong'oto, inayotibu kifua kikuu tangu 1926, kikiwemo kile sugu kwa dawa.

Kingine ni lugha. Dar karibu kila mgonjwa mnaelewana kwa Kiswahili. KCMC atakutana na bibi wa Kichaga kutoka Rombo au mzee wa Kimasai kutoka Simanjiro ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Historia inachukuliwa kupitia mjukuu, na mjukuu anafupisha. Bibi anazungumza dakika 2 nzima, mjukuu anasema "anasema tumbo linauma". Mwanafunzi inabidi arudi nyuma: linauma tangu lini, kabla au baada ya kula, chakula kinakwama kifuani au hapana? Hilo la kukwama lisiachwe hata siku moja, maana saratani ya koo la chakula iko juu kanda hii.

Hesabu_Kwanza
Mama, wodi ni muhimu, lakini tuweke fedha mezani kwanza, maana mwanafunzi aliyezuiwa mtihani kwa ajili ya ada hafiki wodini.

MUHAS ni chuo cha umma, KCMC ni cha kanisa. Ada ya MD chuo cha umma ni ndogo kwa mbali. Wazazi wengi hukosea hapa: wanadhani mkopo ukitoka, ada imekwisha. Bodi ya Mikopo inaweza kutoa sehemu tu ya ada, na kinachobaki ni cha mzazi, kila mwaka, mara 5. Fanya hesabu kwa mfano: ada ikiwa milioni 5 na Bodi ikalipa milioni 3, pengo ni milioni 2 kwa mwaka, yaani milioni 10 mpaka amalize. Weka tarakimu halisi kutoka kwenye barua zake za udahili. Kama pengo hilo litawalazimu kuuza shamba, andika hivyo kwenye karatasi mwaka huu, yasije yakajulikana akiwa mwaka wa 3.

Nje ya ada kuna usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, 20,000 ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kila mwaka, na bima ya afya ya NHIF ambayo kwa mwanafunzi kwa muda mrefu imekuwa 50,400. Halafu vifaa: makoti 2 (moja la maabara ya anatomia, maana harufu ya fomalini haitoki na koti hilo lisiingie wodini kabisa), kompyuta mpakato, na kufikia mwaka wa 3 stetoskopu nzuri, tochi ndogo, nyundo ya magoti na futi ya kitambaa. Stetoskopu msinunue mwaka wa kwanza. Itakaa begini miaka 2 au itaibwa.

Boom, yaani fedha ya kujikimu ndani ya mkopo, ni 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Kwa siku 60 ni 600,000. Toa humo chumba. Chumba cha 60,000 kwa mwezi kinakula 120,000 katika siku hizo, zinabaki 480,000, yaani 8,000 kwa siku kwa kula, nauli, bando na kunakili nondo (maandishi ya kusomea). Moshi hiyo inawezekana kwa mtu anayepika. Dar, kama anapanda daladala mara 2 au 4 kwa siku, nauli inaila mapema.

Na boom haitoki siku ya kuripoti. Mpaka asajiliwe, majina yapelekwe na asaini. Aende na fedha ya kula ya wiki 6 mkononi, vyuo vyote viwili.

Kibamba_CCM
Nijibu la Mloganzila, maana linapotoshwa sana.

MUHAS ina kampasi ya Muhimbili, Upanga, katikati ya jiji, na eneo la Mloganzila lililo kama kilomita 25 kutoka hapo, ukiingilia Kibamba, Barabara ya Morogoro. Hospitali ya Mloganzila ilizinduliwa 2017, ina vitanda zaidi ya 500, na tangu 2018 iko chini ya Muhimbili. Majengo ni mapya na vifaa ni vizuri. Mama, basi la Arusha linalopitia Chalinze linapita pale Kibamba kabla hujafika stendi ya Magufuli, Mbezi. Kwa hiyo si porini kama watu wanavyosema.

Tatizo lake ni kuwa na vituo viwili. Mwanafunzi anapanga geto karibu na Upanga, halafu ratiba inampeleka Mloganzila wiki kadhaa. Au anapanga Kibamba kwa sababu ni rahisi, halafu ana zamu ya usiku Upanga. Raundi ikianza saa 1:30 asubuhi, mtu wa Kibamba anatakiwa awe barabarani kabla ya saa 11:30 alfajiri. Na mvua kubwa ikijaza Bonde la Msimbazi, barabara hufungwa Jangwani, hapo hata aliyetoka saa 10 hafiki. Usimruhusu alipe kodi ya miezi 6 kabla hajashika ratiba ya mzunguko mkononi. Dalali atamharakisha, na atachukua kodi ya mwezi 1 juu yake. Aombe hosteli ya chuo kwanza, hata kama ni kubanana.

Longuo_B
Kwa Moshi ni rahisi zaidi. Hosteli zipo ndani ya eneo la KCMC, na nje watu wanapanga Longuo, Rau, wengine Soweto na Shanty Town. Longuo unatembea kwa mguu. Vifodi (daladala ndogo) vya KCMC vinatoka stendi ya mjini mchana kutwa, ila usiku vinapungua na inabaki bodaboda. Mkague chumba mwezi wa 4 au wa 5 kama mnaweza, maana masika ndiyo inaonyesha ukuta unaovuja na njia inayogeuka tope. Juni na Julai kuna baridi kweli, blanketi zito lisiachwe nyumbani.

Jambo moja ambalo watu hawalitaji: KCMC wamezoea kufundisha na kutahini kwa kompyuta tangu mradi wa MEPI, wa kuboresha elimu ya udaktari, ulioanza 2010 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Kijana asiyeizoea kompyuta apewe miezi hii 2 ya kujifunza kuchapa. Kwenye mtihani wenye dakika chache kwa swali, kutafuta herufi kwa kidole kimoja ni hasara.

Mangi_Mkuu
Njiro mpaka KCMC ni kama kilomita 80. Hiyo peke yake ingenitosha. Akiumwa, mzazi anafika siku hiyohiyo. Boom ikichelewa, gunia la mahindi na mkungu wa ndizi vinafika kwa nauli ya Coaster.

Koti_Jeupe
Mkuu, ukaribu una gharama yake. Aliye kilomita 80 anaitwa kwenye kila harusi, kila msiba, na Desemba kila kipaimara. Na kalenda ya MD haifanani na ya kozi nyingine. Kuanzia mwaka wa 3, Jumamosi ana mgonjwa wake wodini, na wagonjwa hawaendi likizo. Akichagua Moshi, familia ikubaliane mapema kwamba anarudi nyumbani mwisho wa muhula tu. Mkishindwa kukubaliana hilo, heri Dar.

Mama_Njiro
Marahaba Rau, na asanteni wote. Nimeelewa kwamba nilikuwa nauliza vyuo wakati nilipaswa kuuliza vitanda na nauli. Je, akithibitisha halafu mkopo ukatoka mdogo, anaweza kuhama?

Hesabu_Kwanza
Kuhama kupo kwa utaratibu wa TCU, kwa muda maalumu, lakini chuo unachokwenda lazima kiwe na nafasi, na MD hujaa. Usijenge mpango juu ya kuhama. Kama fedha haina uhakika bila mkopo, binafsi ningethibitisha MUHAS. Kama pengo la ada mnalimudu hata Bodi isipotoa kitu, ningechagua KCMC kwa sababu ya wodi zilizo mlangoni.

Rau_Juu
Nakubaliana na hapo, kwa sharti moja: majibu ya ukubwa wa makundi yapatikane kwanza. KCMC wakikwambia kundi ni kubwa kuliko la Muhimbili, hoja yangu yote ya juu inageuka.

Mama_Njiro
Basi kesho asubuhi napiga simu ofisi zote mbili. Ila kuna jambo limenishtua sasa hivi: namba ya kuthibitisha inakuja kwa ujumbe wa simu, na kijana anasema fomu zote mbili alijaziwa steshenari moja pale mjini. Namba iliyoandikwa ni ya yule mwenye steshenari.

Kibamba_CCM
Mama, hilo lifanyike leo, lisingoje kesho. Aingie mwenyewe kwenye akaunti ya udahili ya chuo, kimoja baada ya kingine. Kama hana nywila, aibadilishe kupitia barua pepe. Na kama barua pepe nayo ni ya steshenari, aende pale na cheti chake cha kidato cha nne, wakae pamoja kwenye kompyuta. Akishaingia, abadilishe namba ya simu iwe yake, kisha aombe kutumiwa tena namba maalumu. Asiiingize popote kwanza. Mkishaamua, aiingize kwenye akaunti ya chuo alichokichagua tu, apige picha ukurasa unaoonyesha amethibitisha, auchapishe. Asingoje saa za mwisho, maana mifumo huzidiwa usiku wa kufunga. Mfumo ukigoma kubadilisha namba, ofisi ya udahili inaweza kumbadilishia akiwatumia namba ya mtihani ya NECTA (Baraza la Mitihani) na majina kama yalivyo kwenye cheti. Kwa KCMC ni safari ya asubuhi moja tu kutoka Njiro, aende mwenyewe dirishani.